Paa Lililoonekana Tupu

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, lakini mawingu yalikuwa yamekaa chini kama moshi wa kuni mbichi. Mto ulikuwa umevunja kingo na kumeza mtaa wote wa bondeni.

Katika darasa lililogeuzwa kuwa ofisi ya uokoaji, mrushaji wa droni aliomba kimoyomoyo, kama kawaida yake, kisha akairusha. Wenzake walimwita Mwewe, ingawa hakuwahi kuua hata sisimizi.

"Mwewe, leo usituletee vifaranga, tuletee watu!" dereva wa boti alimtania.

"Wewe angalia tu injini yako isikohoe."

Boti ilikuwa moja. Droni iliporudi na mamia ya picha, utaratibu ulitaka zitazamwe moja moja kabla ya kompyuta kuziunga kuwa ramani. Kompyuta ikiunga hufuta kisichotulia: gari linalopita, mbuzi anayekimbia, vyote huviona kama doa la kufutwa. Mwewe alilijua hilo vizuri.

"Moja moja saa ngapi, dada'ngu?" Kamanda wa uokoaji aliwaka. "Watu wanazama. Unga!"

Akaunga.

Mzee mmoja, fundi baiskeli, alisimama mlangoni, suruali imelowa hadi mapajani. "Mke wangu yumo kule. Nyumba yenye bati la buluu. Nipeni hata kamba niende mwenyewe."

Mwewe akaikuza ramani. "Baba, paa ni tupu. Bila shaka majirani wameshamtoa."

Mzee akashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akapokea kikombe cha chai. Boti ikaelekea upande wa pili, ikaokoa wengi. Jioni nyumba ile ikaenda na maji. Kesho yake mwili wa mke wa mzee ulikutwa umenasa kwenye uzio.

Ndipo Mwewe akafungua picha moja moja. Mama yule alikuwepo pale paani. Katika hii yuko ukingoni anapunga shuka. Katika ile yuko upande wa pili, mikono juu. Katika nyingine amepiga magoti. Alikuwa akiifuata droni kila ilikopita. Angetulia tuli, ramani ingemwonyesha. Alifutwa kwa sababu alikuwa akiomba msaada.

Mwewe akalia kwa kwikwi.

"Funga hiyo," Kamanda alisema taratibu. "Maji ndiyo yaliyoua. Ukimwambia yule mzee, utamzika na yeye."

"Nisipomwambia atajiona muuaji. Alitaka kwenda, nikamzuia mimi."

Msibani alimkuta mzee akirudia neno moja kwa kila aliyempa pole: "Mke wangu anazama, mimi nakunywa chai." Mwewe akapiga magoti mbele yake, akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Toka!" shemeji wa mzee alifoka. "Umekuja kututonesha?"

"Mwache, shemeji." Mzee alimgeukia Mwewe. "Aliiona hiyo droni yako?"

"Aliiona, baba. Alijua tunakuja."

Mzee akafunika uso kwa viganja.

"Basi simama," alisema hatimaye. "Mimi la kukufanya sina. Sema utakachofanya siku nyingine, na watu hawa wakusikie."

Mwewe akasimama, akawageukia waombolezaji.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: ramani haitatoka tena mikononi mwangu kabla sijaitazama kila picha kwa macho yangu, hata wakinifukuza kazi."