Wachumaji wa Noti ya Mzee Gulled

Mzee Gulled aliuza vitambaa mjini Kisii kwa miaka arobaini, na kwa miaka kumi na moja ya mwisho aliongeza ubishi bila malipo. Chanzo kilikuwa noti moja ya kale, yenye picha ya wanawake watatu shambani. Kitabu cha wakusanyaji noti kilisema wanachuma chai. Gulled alisema chai wapi, hiyo ni pamba! Wakusanyaji wenzake walimcheka hadi akaingia kaburini.

Ndiyo maana bintiye, Ruqiya, aliiweka noti mezani mapema siku Ochoki, mhariri wa kitabu hicho, alipofika dukani kuikagua noti. Kitabu kilikuwa kinachapishwa upya. Ruqiya alitaka jambo moja tu: jina la baba yake liwekwe chini ya ile picha, kwamba ndiye aliyewasahihisha wakubwa.

Ochoki aliishika noti chini ya kioo cha kukuza. "Dada Ruqiya, mimi naona chai tu. Nimezaliwa Itumbe, chai iko mpaka nyuma ya choo."

"Aliyezaliwa kwa chai ataona chai hata kwa sahani ya wali," Ruqiya akamjibu. Alikuwa amerithi duka pamoja na ulimi.

Kemuma, bibi kutoka Nyamira aliyekuwa akichagua leso, akasogea. "Hebu nione, mwanangu." Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Hakuangalia nyuso wala majani. Aliangalia mikono.

"Hii si chai. Kapu iko tumboni. Ya chai inakaa mgongoni, unatupa nyuma. Ukiiweka mbele utapita aje katikati ya miti?"

"Si nilisema!" Ruqiya akaruka. "Ni pamba!"

"Pamba pia hapana. Pamba inavutwa. Angalia kidole gumba ya huyu wa katikati. Imesukuma kichwa ya ua, kijiti imebaki. Hii ni pareto, maua ya dawa ya wadudu. Mama yangu alinisomesha na hiyo."

Ochoki akarudi kwenye kioo. Kidole kilikuwa palepale bibi aliposema. Mtoto wa chai mzima, naye hakuwahi kujiuliza kapu liko upande gani! Akavua kofia.

Ruqiya moyo ulimshuka. Baba naye alikosea; muuza vitambaa angeona nini kama si pamba? Lakini hakuweza kuacha kumtazama Kemuma. Wasomi wote wale na vioo vyao, na bibi huyu amewapita kwa kutazama mara moja. Alimstahi kabisa.

"Niandike nani amegundua?" Ochoki akauliza, kalamu mkononi.

Ruqiya alikuwa amelingoja swali hilo tangu mazishi. "Andika Kemuma wa Nyamira," akasema kwa shida. "Peke yake."

"Na huyo mzee wa pamba?" Kemuma akauliza.

"Alikosea, mama."

"Sawa, alikosea. Lakini wote wakisema chai, nani mwingine alikataa?"

"Hakuna. Ni yeye tu, miaka kumi na moja."

Kemuma akamgeukia Ochoki. "Basi na yeye aingie. Andika: Gulled alikataa."

Ochoki akaandika vivyo hivyo, na Ruqiya akalia mbele ya wateja bila kuona haya.