Nyumba ndani ya Darasa la Saba

Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na nane, katika shule iliyo nje kidogo ya Garsen, Mwalimu Kenga alirudisha karatasi za mtihani wa GHC, somo la jiografia, historia na uraia. Sabdio alipata arobaini na tisa. Baba yake, Duba, alikuwa amempa ahadi: akipata hamsini ataendelea na darasa la nane, ikipungua hata moja, ataolewa na Godana, ambaye ng'ombe wake wa mahari walikuwa tayari ng'ambo ya mto. Duba mwenyewe alikuwa nje, kwenye kivuli cha ofisi, akisubiri.

Swali lililomwangusha liliuliza nani hujenga nyumba. Sabdio aliandika mama. Kitabu, ukurasa wa arobaini, kilionyesha baba ameshika nyundo na mama ameinamia sufuria. Chini iliandikwa: Baba hujenga, mama hupika.

Sabdio hakuwa mtu wa kuinua mkono. Siku hiyo aliinua.

"Mwalimu, sisi Waorma nyumba hujengwa na mama."

"Najua," alisema Mwalimu Kenga. "Wakati wa mafuriko nililala kwenye nyumba ya mama yako, na haikuvuja. Lakini majibu yamekuja yamechapwa."

Hapo mama wa kwenye picha aliweka mwiko chini, akajifuta mikono kwa leso, akashuka kutoka kitabu cha Sabdio. Akauliza fito zinapatikana wapi. Katika vitabu vingine vyote palibaki nafasi nyeupe kando ya sufuria. Mwalimu aliagiza kila mtu amchore tena kwa penseli, kwa kuwa vitabu ni vya shule.

"Mwalimu, huyu hana sare," alisema Hamisi kutoka nyuma.

Hamisi aliambiwa asogeze dawati lake. Yule mama alikata fito kando ya uwanja, akazipinda, akazifunga kwa kamba, akazifunika kwa mikeka aliyoisuka kwa majani ya mkoma. Kengele ya saa saba ilipolia, nyumba ilikuwa imesimama kati ya ubao na dirisha. Mwalimu Kenga aliingia, akazisukuma fito kwa bega, akatoka akisema ni imara. Akaitazama tena karatasi ya majibu. Bado ilisema baba. Akairudisha kalamu nyekundu mfukoni.

Duba alikuja, akainama, akaingia ndani ya nyumba, akatoka.

"Nyumba nzuri," alisema. "Amepata ngapi?"

Mwalimu alimtazama Sabdio. Sabdio alitazama sakafu.

"Arobaini na tisa," alisema Mwalimu.

Nyumba ya bibi harusi hujengwa na wanawake wa upande wa mama yake, na Bishara, mamake Sabdio, alikuwa na upungufu wa watu. Mama wa kwenye picha alifungua kamba, akaibomoa nyumba ufito kwa ufito, akaipakia juu ya punda wa Duba, akamfuata Sabdio kuelekea mtoni.

Mwalimu Kenga alifagia majani. Kisha akafungua rejista, akalikata jina la Sabdio kwa rula, mstari usije ukapinda.