Tarumbeta la Mafuriko

Mtaa wa chini, ule unaopakana na mto, una watu wa kila aina, lakini wote wana ugonjwa mmoja: ukiuliza swali kwenye kikao, kazi ni yako. Ndivyo Fundi alivyopata uenyekiti. Siku hiyo afisa wa maafa alikuja kutoka wilayani, akabandika ramani yake kwenye ukuta wa shule kule juu mlimani, akaonyesha maji yatakavyopita mto ukifurika. Majirani waliitikia kwa vichwa, kwa adabu, huku wakiwaza mambo ya nyumbani. Fundi anashona nguo, na hana subira na kitu kisichokaa sawa. Akanyoosha mkono.

"Samahani dada. Umesema tukisikia ishara wote tupande huku shuleni. Sasa, asiyeweza kupanda je?"

"Swali zuri sana," akasema afisa.

Majirani wakapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha Fundi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maafa ya mtaa. Alijaribu kukataa. Walimpigia makofi tena.

Hakuuliza ili aonekane. Nyumba ya mama yake ndiyo ya mwisho kabla ya mto, na Mama alishatangaza kwamba magoti yake yamestaafu. Mara ya mwisho maji yalipoingia, majirani walimkuta ameketi juu ya kabati la vyombo, miguu inaning'inia, akiwagombeza kwa kuingia na matope. Mtaa ulicheka mwaka mzima. Fundi naye alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na hofu, maana maji yalibakiza shubiri moja tu yafike juu ya kabati. Alishamwomba ahamie kwake, nyumba ya juu kidogo.

"Nikalale na makelele ya cherehani?" Mama alimjibu. "Bora mto, mwanangu. Mto angalau unanyamaza."

Basi kamati ikaanza kazi, na kikwazo cha kwanza kikawa ishara yenyewe. King'ora cha wilaya kilikuwa kimekufa kwa kutu zamani. Kipaza sauti hakikufua dafu mbele ya mashine ya kusaga. Walijaribu kugonga sufuria, watu wakadhani ni ugomvi wa ndoa, wakafunga madirisha ili wasikilize vizuri. Mwishowe mtu mmoja akamtaja Mzee Tarumbeta, na kila mtu akashangaa kwa nini hawakumfikiria mapema. Kwa siku za kawaida ni fundi viatu, lakini ndiye aliyewaoza nusu ya mtaa kwa pumzi zake. Akipuliza, hata viziwi wanageuza shingo.

Siku ya zoezi la kujaribu ishara ilipofika, Mzee alivaa koti lake la harusi lenye vifungo vya dhahabu, akaenda kusimama darajani. Hapo ndipo anaposimama siku zote kupokea magari ya maharusi. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Afisa alikuwa na saa mkononi, Fundi ana filimbi shingoni, wote wawili wamejiweka kwenye geti la shule kuwasubiri watu wapande.

Mzee akapuliza wimbo wa kumwingiza bibi harusi, maana ndio anaoupiga vizuri kuliko yote.

Milango ikafunguka mtaa mzima. Watu wakatoka mbio, na Fundi akafurahi, akamshika afisa mkono. Kisha akaona wanakokimbilia. Walikuwa wanateremka. Kina mama wanajifunga vitambaa huku wakipiga vigelegele, kinyozi ameacha mteja na nusu ya kichwa, mwenye mashine ya kusaga anakuja mweupe wa unga kuanzia nyusi mpaka viatu. Wote moja kwa moja mtoni, kwenye tarumbeta, wanacheza.

"Njia ni huku!" Fundi akapiga filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Wale wa chini wakadhani filimbi ni sehemu ya muziki, wakaipokea kwa makofi.

Afisa akaangalia saa yake, akaangalia umati pale darajani. "Mwenyekiti," akasema taratibu, "mtaa wako wote umezama." Halafu akakaa chini kwenye jiwe akacheka mpaka ramani ikamdondoka.

Fundi hakucheka. Aliteremka mbio, akiona waziwazi kwamba kama yangekuwa maji ya kweli, yeye na kamati yake wangewaita majirani wote wafe. Akapenya katikati ya umati ili amnyamazishe Mzee, na hapo akasimama ghafla. Mbele kabisa ya wachezaji, mikono juu, mabega yanapanda na kushuka, alikuwa mama yake.

"Mama! Magoti je?"

"Magoti yana masikio," Mama akasema bila kuacha kucheza. "Bibi harusi yuko wapi?"

Siku ile ile jioni, kikao kikaitwa. Fundi alikuwa na jambo moja tu la kusema, akalisema akiwa bado amesimama mlangoni: watu wa mtaa huu hawakimbii tarumbeta, wanalikimbilia. Basi tarumbeta lipande mlimani.

Kikao kikalipuka kwa kicheko na kukubali. Mzee peke yake ndiye aliyenuna. Miaka yote darajani, leo anapelekwa mlimani kama mbuzi? Kibanda chake cha viatu kiko chini, wateja wako chini. Mama ndiye aliyemlainisha. Alimwambia, mbele ya watu, kwamba ukiwa chini sauti inakwenda kwa majirani, ukiwa juu inakwenda kwa wilaya nzima. Mzee akakohoa, akafunga kifungo cha koti. Kesho yake mtaa mzima ulibeba kibanda mzegamzega hadi kwenye geti la shule, misumari, soli na yeye mwenyewe juu ya kiti, akielekeza.

Walikubaliana pia kwamba wimbo ule sasa ni wa mafuriko peke yake, na maharusi wote wataingia kwa wimbo mwingine. Bibi harusi mmoja mtarajiwa alilia. Wakampa pole, wakaendelea. Zoezi la pili likapangwa Jumamosi.

Mto haukuwa na habari na Jumamosi. Ulikuja Alhamisi, asubuhi yenye jua zuri, Fundi akiwa anatia kola kwenye shati. Simu ikalia. Alikuwa afisa.

"Huku mto unakotoka imenyesha vibaya sana. Maji yako njiani. Mwambie apige!"

Fundi akampigia Mzee. "Piga!"

"Leo si Alhamisi?"

"Baba, nakuomba, piga!"

Wimbo ukashuka kutoka mlimani, mzito na mtamu. Fundi akaacha shati chini ya sindano, akavaa filimbi yake shingoni, akatoka. Watu walikuwa wanapanda. Wote! Watoto mgongoni, magodoro kichwani, wengine wanarusha miguu kwa mdundo. Angetaka kusimama awatazame, lakini yeye alikuwa anateremka, anawapangua kwa viwiko.

"Mwenyekiti, unakwenda wapi?"

"Kwa Mama!"

Alikuta mlango wazi. Redio inaongea peke yake, kitanda kimetandikwa, Mama hayupo. Mama mara ya mwisho aliposikia wimbo huu alikwenda darajani, na hakuna zoezi lililomfundisha vingine. Fundi akakimbilia mtoni.

Mto ulikuwa umebadilika rangi. Ulibeba matawi, ndoo, kiti cha plastiki kilichosimama wima kana kwamba kuna mtu amekikalia. Aliita mpaka sauti ikakauka. Maji yakapanda ngazi ya kwanza ya daraja, kisha ya pili, na yeye bado anaita. Huko juu tarumbeta lilikuwa linarudia wimbo ule ule, mwanzo mpaka mwisho, halafu mwanzo tena.

Mkono ukamkamata kwa nyuma. Ulikuwa wa mwenye mashine ya kusaga, aliyebaki kukagua nyumba za mwisho.

"Mama yako amenipita zamani, kitambaa kipya kichwani! Wewe ndiye tunayekutafuta!"

Walipanda wakishikana. Nyuma yao maji yaliingia uani kwa Mama bila kubisha hodi. Geti la shule lilikuwa limejaa watu, lakini hakuna aliyekuwa anacheza tena. Walikuwa wamesimama wakitazama njia. Mzee alikuwa juu ya kiti chake, mishipa ya shingo imemtoka, macho mekundu, midomo imevimba. Pembeni yake alisimama Mama, amemng'ang'ania mkono wa koti.

"Nipumzike kidogo tu, mama," Mzee alikuwa anamsihi kati ya pumzi na pumzi.

"Upumzike, na mtoto wangu hajasikia? Piga!"

Akapiga.

Fundi akasukuma watu. Mama akamwona. Akaachia koti, akaja, akampiga kofi la bega lililosikika uwanja mzima, kisha akamkumbatia kwa nguvu hata filimbi ikawachoma wote wawili kifuani.

"Mwenyekiti gani anakimbilia mtoni?"

"Nilikufuata wewe, Mama."

"Mimi nilikuja kwenye tarumbeta! Si mlisema tuje kwenye tarumbeta?"

Fundi alilia na kucheka kwa pamoja, na majirani wakamsaidia kwa yote mawili. Kule chini nyumba zilikuwa zinamezwa na maji moja baada ya nyingine, na hapa juu hapakuwa na jirani hata mmoja aliyekosekana.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake kipya, akamgeukia Mzee, ambaye bado alikuwa anapuliza.

"Basi, baba. Pumzika. Wangu amefika."