Kikao cha Kupitisha Ugonjwa

Ukoo huu hauwezi kununua hata ndoo bila kikao. Lazima pawe na mwenyekiti, katibu, ajenda na mengineyo, na mwisho wa yote ndoo inanunuliwa na yule aliyechelewa kufika kwa sababu alipitia dukani. Kwa hiyo mnasihi wa kliniki ya afya ya akili alipotuma ujumbe kwamba familia nzima inaombwa kufika Jumanne saa nne asubuhi kwa mazungumzo, hakujua anachokichokoza. Maskini, alidhani ameita watu waje kumsikiliza mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni dada mmoja, Fundi Meno. Anatengeneza meno ya bandia kwenye karakana ndogo nyuma ya hospitali, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mteja aliyewahi kurudisha kazi yake. Mwaka huu mambo yakaenda mrama. Alikuwa akikaa saa nzima mbele ya taya la plasta, kisu cha nta mkononi, machozi yanamtiririka bila sababu ya kusimulika. Wiki moja alipanga meno ya juu kwenye fizi za chini, si mara moja, mara tatu. Akaacha kula, akaacha kuoga, mwishowe akaacha kwenda kazini. Siku alipojikuta anahesabu vidonge vya maumivu kwenye droo na kuwaza kuvimeza vyote, aliogopa, akavaa viatu na kujipeleka kliniki kwa miguu yake. Hilo peke yake lilistahili makofi. Hakuyapata.

Daktari alimwambia anachohitaji: dawa kwa miezi sita, na mazungumzo na mnasihi kila wiki. Nafasi ipo. Ila kwa yale mawazo aliyokuwa nayo, dawa zisikae kwake. Mtu mzima mmoja wa familia aweke sahihi kwamba atazitunza na kumpa dozi yake kila siku. Pasipo sahihi nafasi inapewa mwingine, maana foleni ni ndefu na kanuni za kliniki nazo zina ukichaa wake. Fundi Meno alikuwa anahitaji sahihi moja tu, basi.

Mnasihi, binti mwenye sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, alikuwa amepanga viti vya plastiki kwa duara, na katikati ameweka meza ndogo yenye boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Baba Mkubwa aliingia, akalitazama lile duara kwa huruma, akaanza kupanga viti mstari. Alifanya kazi idara ya maji miaka arobaini na kuongoza kila kamati iliyoundwa humo, hata ya kuchagua rangi ya geti. Akavuta ile meza mbele, akaketi nyuma yake, boksi la machozi likageuka mali ya mwenyekiti.

"Karibuni sana," alisema mnasihi. "Hapa ni mahali salama. Hakuna wa kumhukumu mwenzake."

"Ahsante," alisema Baba Mkubwa. "Naona akidi imetimia. Binti, unaandika vizuri?"

"Samahani?"

"Utakuwa katibu."

Mnasihi alikuwa na shahada mbili ukutani, zenye fremu. Akachukua kalamu.

"Ajenda ya kwanza," aliendelea Baba Mkubwa, "je, mgonjwa anaumwa?"

"Mzee, labda tungeanza kwa kumsikiliza mwenyewe anajisikiaje," alisema mnasihi.

"Hilo litakuwa kwenye mengineyo."

Fundi Meno aliinamisha kichwa. Mama yake, aliyeketi kando yake, alikuwa anapinda na kupindua ncha ya mtandio wake, na Shangazi ameshanyoosha mkono.

Shangazi hajawahi kuumwa kitu ambacho simu yake haijakitibu. "Mwenyekiti, kuna mwanamke mmoja mtandaoni anatibu huzuni kwa kupumulia pua ya kushoto. Watu laki mbili wamempenda! Yuko mwingine anaogesha wagonjwa maji ya barafu alfajiri. Na yule wa tatu anawapa watu wazima penseli za rangi, wanapaka vipepeo, wanapona. Sasa vidonge vya nini?"

"Hoja imepokelewa. Kaka mtu?"

Kaka wa Fundi Meno alisimama, maana kwa ule mwili wake kukaa ni hasara. "Mazoezi," alisema. "Mimi nikiwa na mawazo nanyanyua chuma, yanakwisha. Dada amejilegeza tu." Hakusema kwamba mara ya mwisho alipokuwa na mawazo aling'oa mlango wa choo, na mpaka leo nyumbani wanaingia chooni kwa kuimba ili wajulikane wamo.

"Mama mtu?"

"Mimi nasema apumzike," alisema Mama polepole. "Apumzike, na tusiseme nje. Watu wana midomo."

"Nasikia kuna maumivu mengi humu ndani," alisema mnasihi.

"Andika," alisema Baba Mkubwa. "Katibu amesikia maumivu. Mimi naongezea kazi. Mtu akijishughulisha, huo muda wa kuugua anautoa wapi?"

Fundi Meno akapiga moyo konde. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno haya siku mbili mbele ya kioo, na kioo kilikuwa kimemsikiliza vizuri kuliko hawa. "Mimi sijaja kubishana," alisema. "Naogopa kukaa na dawa peke yangu. Naomba mmoja wenu aweke sahihi. Hata mmoja."

Mtu mwingine yeyote angelisikia lile neno "naogopa". Baba Mkubwa alisikia kosa la utaratibu.

"Mjumbe hakunyoosha mkono," alisema. "Na hata angenyoosha, ana maslahi binafsi kwenye hoja. Kuchangia ruksa, kupiga kura hapana. Wanaosema huyu amechoka tu, na hahitaji dawa?"

Mkono wa Shangazi ulipanda, na wa Kaka. Wa Mama ulifika begani ukakwama hapo, kama anayetaka kujikuna.

"Umehesabiwa," alisema mwenyekiti, akanyoosha na wake. "Katibu, andika: kikao kimepitisha bila kupingwa kwamba mgonjwa ni mzima."

Kaka akapiga makofi. "Hongera, dada!" Shangazi akamkumbatia, akimnong'oneza aanze na pua ya kushoto leo leo. Fundi Meno alisimama katikati ya hongera hizo akiwachukia wote, mpaka viatu vyao. Kisha walitoka kwenda kwenye gari, wakicheka kwa nafuu ya watu waliomaliza kazi ngumu.

Yeye alibaki kwenye benchi la korido, ile fomu mapajani. Mnasihi alikuwa amemwambia mlangoni kwamba ataishikilia nafasi mpaka saa sita. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Baba Mkubwa akarudi. Alipita mbio mbele ya benchi bila kugeuza shingo. "Nimesahau miwani," alimwambia mnasihi. Miwani ilikuwa puani pake. Akausukuma mlango nyuma yake, lakini haukufunga vizuri.

"Dakika mbili tu, katibu," Fundi Meno alimsikia akisema, kisha ile sauti ya mkutanoni ikaishiwa nguvu. "Tangu nistaafu, mwaka sasa. Kila asubuhi navaa tai. Nakaa sebuleni na tai yangu mpaka mchana. Simu hailii. Wakirudi watu nyumbani naingia bafuni nafungua bomba, ili wasinisikie."

"Wasikusikie ukifanya nini, mzee?"

Alimjibu kwa kulia. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukoroma, cha mtu asiye na uzoefu.

Kwanza Fundi Meno alifurahi, tusimfiche. Alifurahi mpaka akauma midomo. Kisha furaha ikaisha akabaki na hasira, maana huyu mtu alijua. Alijua mambo haya yakoje, na alinyoosha mkono. Akainuka, akaingia bila kubisha hodi na kuiweka fomu mezani.

"Weka sahihi, Baba Mkubwa."

Mzee alijifuta kwa karatasi laini. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwanangu, kikao kilishaamua."

"Kikao kiliongozwa na mgonjwa."

Baba Mkubwa alijisogezea fomu. Alichukua kalamu, akaandika jina, akaandika tarehe, na mahali pa uhusiano akaandika "Mwenyekiti". Fundi Meno akamtazama. Mzee akakata, akaandika "Baba".

Mnasihi alivuta fomu ya pili kutoka kwenye droo. "Na wewe mzee utaonana na daktari. Akikuandikia dawa, nani atakutunzia?"

"Si huyu mwanangu hapa?" alisema Baba Mkubwa.

"Mgonjwa hatunzi dawa za mgonjwa. Sahihi yako itamshikilia nafasi tu mpaka daktari akuone, kisha mwingine awatunzie nyote. Itabidi umwambie mwingine."

Mzee akachungulia dirishani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye gari, mlango wazi, akimwonyesha Mama namna ya kuziba tundu la pua. "Wale?" aliuliza. "Unataka mimi nikawaambie wale?"

"Mmoja tu," alisema Fundi Meno. "Mimi nilitafuta mmoja tu."

Walitoka pamoja. Njia nzima Fundi Meno alijua kwamba akimwacha mzee hata hatua mbili atakula kona, kwa hiyo alimshika mkono wa shati. Kaka alikuwa ameshawasha gari.

"Haya, miwani umeipata?" aliita Shangazi. "Mbona iko puani!"

"Sikusahau miwani," alisema Baba Mkubwa. "Nilirudi kulia."

Mama aliacha mtandio, akasogea kwenye kiti kumpa nafasi. Kaka akalizima gari.