Majani ya Mpakani

Kila asubuhi spika ya kijiji chetu, huku juu Kilema, ilituita tutoke nje tuutazame mlima. Ilisema, "Theluji ya Mlezi imeongezeka." Nasi kila mtu mlangoni kwake tulitakiwa kujibu, "Tunaiona."

Mlezi ndiye aliyekuwa mtawala wetu. Alisema tangu ashike nchi Kibo kimerudi kuwa cheupe kama enzi za babu zetu. Kibo chenyewe kilikuwa pale mbele yetu, kijivu, theluji imebaki kama maziwa yaliyoganda kwenye mdomo wa kibuyu. Lakini tulijibu. Mimi nilijibu kwa sauti kuliko wote, na jirani yangu Yuditha akawa anacheka ng'ambo ya mpaka wa mashamba yetu.

"Bibi Magdalena, wewe si una mtoto wa jicho?"

"Ndiyo maana naiona vizuri. Wenye macho mazima ndio wanaopata tabu."

Tulicheka hivyo mpaka mumewe alipochukuliwa.

Msidhani Mlezi alikuwa na askari wengi. Huku kwetu alikuwa na gari moja, na Jackson wa kuliendesha. Nguvu yake ilikuwa kwenye sheria moja tu: aliyechukuliwa ataachiwa siku mtu wa nyumbani kwake atakapomtaja mwingine mkutanoni. Basi. Nikiifikiria akili iliyotunga sheria ile, mwili unanisisimka mpaka leo. Unamtaka wako, toa wa jirani. Na jirani naye atatoa wa mwenzake. Ubaya ukawa unapita nyumba hadi nyumba kama maji ya mfereji, na kila mmoja anafungua zamu yake kwa mkono wake mwenyewe.

Hata Jackson alianzia hapo. Mkewe alipochukuliwa, alimtaja baba yake mzazi, Meku Eliezeri. Mzee alirudi baadaye, mwingine alipotajwa kwa ajili yake. Jackson akapewa sare na funguo za gari. Tangu hapo baba na mwana hawakusalimiana.

Basi Yuditha akasimama mkutanoni. Akasema, bila kunitazama, kwamba Godlove, mjukuu wangu, amewaambia wageni anaowapandisha mlimani kuwa theluji inakwisha. Ilikuwa kweli. Mume wa Yuditha akarudi jioni ile ile. Godlove, niliyemlea mimi tangu mama yake afariki, akapelekwa Himo kufungiwa.

Sikulia. Jina la kutaja nilikuwa nalo tayari. Yuditha amecheka asubuhi ngapi spika ikiongea? Hilo lingetosha. Nikangoja mkutano wa Jumamosi kwa utulivu ambao nikiukumbuka sasa naogopa.

Jumamosi hiyo, alfajiri, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikamwona Yuditha amesimama mpakani, kwenye masale, yale majani marefu tunayopanda kugawa kihamba na kihamba, shamba la nyumba hii na la nyumba ile. Mkononi alikuwa na isale moja, amelifunga fundo.

Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea isale lenye fundo, hulikatai. Hata kama damu imemwagika. Na ukishalipokea, kesi imekufa, huifufui kwa mwenyekiti wala kwa padri.

"Shikamoo, bibi."

Nikaendelea kukata majani.

"Bibi, shikamoo."

"Unajua unachoniomba? Nikilishika hilo siwezi kukutaja. Godlove atatokaje?"

"Najua."

"Mumeo si amelala ndani?"

"Halali. Anakaa kitandani ananitazama mimi."

Nilitaka kumgeuzia mgongo. Mungu ni shahidi, nilitaka. Lakini mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mama yangu ulivyokwenda, na wa mama yake. Nikalipokea. "Marahaba," nikasema.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Jackson alimleta Godlove amefungiwa nyuma ya gari, penye wavu, ili nimwone na ulimi wangu uwe mwepesi. Kijana wangu amekonda. Akanipungia vidole kupitia wavu.

"Bibi Magdalena," Jackson akasema, "taja."

Nikafungua kanga nikalitoa isale. "Nimepokea hili kwa Yuditha. Sina kesi naye."

"Kesi ya serikali haina mambo ya majani, bibi. Haya, taja mtu mwingine. Yeyote."

"Huyo mwingine amenikosea nini?"

Watu wakalitazama jani mkononi mwangu. Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa kitu kile. Mlezi alikuwa ametufungia chama cha ushirika, ametukataza kuimba msibani, ametunyang'anya redio. Masale aliyaacha. Watu wake walidhani ni alama ya mpaka tu.

Mzee mmoja akainuka. Akaenda ukingoni mwa uwanja, akachuma isale, akalifunga, akamwendea mama aliyekuwa amemtajia mwanawe. Yule mama akalipokea. Akainuka mwingine. Kisha wengi. Hakuna aliyepaza sauti. Kilichosikika ni majani tu yakichanika, pande zote. Sijawahi kusikia kitu kikubwa namna ile kikitokea polepole hivyo.

Wingu likafunguka, Kibo kikatokea.

"Theluji ya Mlezi imeongezeka!" Jackson akapiga kelele. "Semeni tunaiona! Semeni!"

Tuliutazama mlima wetu na theluji yake kidogo. Hakuna aliyejibu.

Jackson akabaki katikati ya uwanja, funguo za gari na za wavu mkononi, anageuka huku na huku. Hakuna mtu aliyemwendea, wala kumtukana. Mwisho macho yake yakaangukia kwa Meku Eliezeri, aliyekuwa ameketi juu ya gunia, fimbo katikati ya magoti.

"Jackson," mzee akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu mwanawe huyo amtaje. "Masale yako nyuma yako."

Jackson akageuka. Akachuma jani. Akahangaika nalo, linamteleza, maana isale halifungwi fundo kwa mkono mmoja. Basi akaziweka funguo juu ya boneti ya gari, apate mikono yote miwili.

Nami nikaenda nikazichukua.