Jokofu Lililohitaji Kupumzika

Niliweka kiganja ubavuni mwa jokofu kama mtu anayempima mtoto homa. Kimya. Halingurumi, halitetemi, halina habari.

“Na hili nalo limezimwa?”

Hiyo ilikuwa zahanati ya tatu siku hiyo, na jokofu la tatu lililonipokea likiwa limelala usingizi. Serikali kuu ilikuwa imenunua majokofu kumi na mawili ya chanjo kwa zahanati kumi na mbili za wilaya ile, na ofisi yetu ya ukaguzi ikanituma nikayaone kwa macho. Muda ulitosha zahanati nne. Saa kumi alasiri kulikuwa na kikao cha kufunga ukaguzi, na hapo ningetia sahihi fomu ya ukurasa mmoja. Nikiandika kwamba majokofu yapo, wilaya ingefutwa kwenye orodha yetu kwa miaka mitatu, asirudi mtu kuuliza. Na kama hayapo, watoto wa huko wangeendelea kuchanjwa kwa bahati tu, siku ambayo kasha la barafu limewahi kufika kabla barafu haijawa maji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongoza ukaguzi. Tangu asubuhi moyo ulikuwa ukinienda mbio, na sikujua unakimbilia wapi.

“Mdogo wangu, si unajua umeme wa huku,” alisema mratibu wa mpango. Alikuwa mwanamume mtanashati, shati limenyooshwa mpaka unaogopa kuligusa, na tabasamu alilivaa tangu tulipokutana asubuhi.

“Umeme upo, kaka. Feni hiyo inazunguka.”

Aliitazama feni kana kwamba imemsaliti. “Basi washa, Sista.”

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imeungwa kwa gundi pembeni. Hakusogea hata hatua.

“Siwashi.”

“Sista!”

“Nimesema siwashi. Friji bado haijapumzika.”

“Dakika moja tu, mgeni aone taa.”

“Ikiungua utanunua nyingine wewe? Miaka ishirini na mbili natunza chanjo, sijaharibu hata kichupa. Nianze leo, tena mbele ya wakaguzi?”

Mratibu akakohoa, kikohozi kirefu kisicho na makohozi. “Sista wetu huyu mtu wa masihara sana. Haya, mdogo wangu, tukapate chai, halafu twende zahanati ya nne. Mambo ni mazuri, si umeona?”

Nilikuwa nimeona. Nilipiga picha kibati cha namba kilichobandikwa mlangoni mwa jokofu, kando ya mkwaruzo mrefu, nikaaga. Lakini neno lile lilikuwa limeninasa kama mwiba kwenye sketi. Haijapumzika. Jokofu linachokaje?

Dereva wetu tulimwita Breki kwa sababu hakuwa mpenzi wa kuitumia. Kabla hajawasha gari nilimpigia kaka yangu, fundi wa majokofu.

“Kaka, friji inapumzika?”

“Hata salamu hakuna? Shikamoo imekuwa ghali siku hizi?”

“Shikamoo. Friji inapumzika?”

“Marahaba. Inapumzika, ndiyo. Ukiilaza kwenye gari, mafuta ya kompresa, yaani injini yake, yanahama. Ukifika unaisimamisha, unaiacha masaa manne hivi ndipo uiwashe. Ukiwasha papo hapo, unaiua. Kwani mmenunua?”

“Hapana. Wamenunua wao, kumi na mbili.”

“Sasa mbona unapumua hivyo? Unafukuzwa?”

Nilikata simu. Nilijawa na furaha, furaha ile ya mtu aliyepata ufunguo mfukoni baada ya kupindua nyumba nzima. Jokofu la tatu lilikuwa limelazwa garini asubuhi ile ile! La kwanza, mratibu alisema umeme umekatika. La pili, akasema linasafishwa. Na kila tulipotoka zahanati moja alitupeleka kwanza kunywa chai, chai ya saa nzima, maandazi yanaongezwa kabla sahani haijaisha. Ratiba yetu alikuwa nayo wiki nzima, kwa sababu sisi wenyewe tulimtumia, ndiyo desturi ya ofisi. Alijua tutakuwa wapi na saa ngapi. Alichohitaji ni muda tu wa kulibeba jokofu hilo hilo moja kutoka zahanati hadi zahanati.

“Breki,” nilisema, “chai hatunywi.”

“Bosi, chai ndiyo sehemu pekee ya ukaguzi ninayoielewa.”

“Gari la mratibu likikata kushoto kwenda hotelini, wewe nyoosha. Zahanati ya nne. Na leo sitakwambia punguza mwendo.”

Breki alinigeukia taratibu, kama mtu aliyesubiri sentensi hiyo maisha yake yote. “Rudia.”

“Kanyaga!”

Alikanyaga. Mratibu alikata kushoto, taa yake ya ishara ikimeta kwa adabu, nasi tukampita kama hatujuani. Simu yangu ililia kabla hatujafika mwisho wa lami. Nikaitazama ikilia. Ikalia tena. Nilikuwa nimeshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili na ninacheka peke yangu, meno yote nje, vumbi linaingia.

Zahanati ya nne ilikuwa vyumba vitatu na kibaraza. Mhudumu aliyekuwa akipiga deki alituambia daktari ametoka na chumba cha chanjo kiko wazi. Niliingia. Meza, kiti, kalenda, kasha la barafu lenye kifuniko kilichopasuka. Pembeni, sakafu tupu iliyofagiwa vizuri mno, na waya wa umeme ukining'inia ukutani ukisubiri mwenziwe.

“Friji ya chanjo iko wapi, dada?” nilimuuliza mhudumu.

“Wamesema inakuja leo.”

“Nani wamesema?”

“Si nyie?”

Nilivua kitambulisho shingoni nikakitia mfukoni. Breki akaficha gari nyuma ya tangi la maji. Nikakaa kwenye kiti cha chumba cha chanjo, nikahesabu vigae.

Saa saba na nusu, pikapu ikaingia kinyumenyume. Wakashuka wapagazi wawili, mmoja mnene na mmoja mrefu, wakatoa turubai, na hapo chini, chali kama mlevi, limelala jokofu langu. Nililijua kwa mkwaruzo wa mlango. Wakalibeba wakihema mpaka ndani.

“Dada, tuliweke wapi?” mrefu aliuliza.

“Hapo hapo. Polepole. Lisimame wima.”

“Likae vizuri maana hili leo limetembea kuliko sisi.” Mnene alijipangusa jasho, akatoa kitu mfukoni mwa shati. “Na kibati chake hiki. Wamesema tutoe cha zamani tubandike hiki.”

“Acha, nitabandika mwenyewe,” nilisema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyeshika keki ya mwenzake.

Nikadhani nimeshapata vyote. Kumbe kizuri zaidi kilikuwa bado njiani. Mrefu alitoa daftari lililokunjika kwapani, akalilaza mezani mbele yangu.

“Weka sahihi, dada. Sisi tunalipwa kwa safari. Bila sahihi ya aliyepokea, yule bosi mwenye shati la pasi atatuzungusha mpaka mwezi ujao. Tunamjua.”

Nililifungua. Mungu wangu! Kila safari na mstari wake, kwa mwandiko wa mtu mwangalifu: tarehe ya leo, saa, limetoka wapi, limepelekwa wapi, jina la mzigo. Friji moja kutoka stoo kwenda zahanati ya kwanza. Friji moja kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kutoka ya pili kwenda ya tatu. Na kila mstari una sahihi ya mpokeaji. Mratibu alikuwa amefikiria vibati, chai na umeme. Hakufikiria kwamba mpagazi naye ana hesabu zake.

Niliweka sahihi kwenye mstari wa nne, jina langu kamili, cheo, na mhuri wa ofisi ya ukaguzi.

Mrefu aliuinamia mhuri, akausoma. “Dada,” alisema polepole, “wewe si wa hapa.”

“Si wa hapa, kaka yangu. Lakini safari zenu nne nimezithibitisha, na nitaziandika. Hakuna atakayewazungusha.”

Mnene alianza kucheka, tumbo linaruka. Breki, aliyekuwa dirishani anapiga picha, naye akapasuka.

Mratibu alifika akihema, shati limelowa mgongoni; alikuwa amekimbilia kwanza zahanati ya tatu kulizuia jokofu, akakuta limeshaondoka. Alitazama jokofu, akatazama daftari mkononi mwangu, akanitazama mimi. Tabasamu halikuwepo tena.

“Mdogo wangu, tuzungumze.”

“Tutazungumza saa kumi, kaka, kwenye kikao. Ila kikao kihamie hapa. Mimi na jokofu hili hatuachani.”

Wakaja, wakuu wa idara za wilaya na mafaili yao, wakabanana kwenye chumba cha chanjo wakilizunguka jokofu kama ndugu waliokuja kumwona mgonjwa. Nilisoma daftari mstari kwa mstari. Kisha nikachukua fomu. Palipoandikwa majokofu yaliyonunuliwa niliandika kumi na mawili. Palipoandikwa majokofu yaliyoonekana niliandika moja, kwa tarakimu na kwa maneno, nikatia sahihi mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Saa kumi na moja na nusu nilimpigia muuguzi wa zahanati ya tatu, nikaweka simu kwa sauti ili wote wasikie.

“Sista, imesimama masaa manne sasa.”

“Haijaguswa?”

“Hata na nzi.”

“Basi washa, mwanangu.”

Niliuchomeka waya ukutani. Taa ya kijani ikawaka. Kitambo kidogo hakikusikika kitu, kisha jokofu likatetemeka na kuanza kunguruma, na Breki, pale mlangoni, akapiga makofi peke yake kama mtu aliyeshinda mbio.