Kiti cha Mama Mkwe

Fundi makochi aliinunua baiskeli ile kwa muuza barafu aliyeamua kupumzika. Ilikuwa baiskeli ya mizigo ya zamani, magurudumu mawili mbele chini ya sanduku la mbao, moja nyuma, na uzito wa ng'ombe aliyegoma. Akabadilisha mnyororo, akatia mbao mpya sandukuni, na haukupita muda ikawa mfanyakazi wa nyumba nzima. Ilibeba sponji za makochi, mitungi ya gesi, magunia ya unga, na siku moja kabati la jirani, jirani mwenyewe akiwa juu yake kulishikilia.

Kisha mama mkwe akaja kutibiwa goti. Kliniki ya mazoezi haikuwa mbali, ila uchochoro wao ulikuwa mwembamba, gari halipiti. Mke wa fundi akalitazama sanduku, akamtazama mama yake, akamtazama mumewe. Fundi alielewa, na jasho likamtoka kabla hajagusa pedeli.

"Mimi si gunia, mkwe wangu," mama mkwe alisema kwa upole.

"Hapana, mama. Nitakuwekea kiti."

Akamtengenezea kiti cha maana: sponji nene, mikono ya kuegemea, na mahameli nyekundu iliyobaki baada ya kushona kochi la mteja. Kilichomsumbua ni upande wa kukielekeza. Kikitazama nyuma, yeye na mkwewe wangetazamana ana kwa ana njia nzima, na heshima ingemkaba hata ashindwe kuhema. Kikitazama mbele, mama angeiona barabara yote. Akachagua mbele.

Alijuta.

"Shimo, mkwe wangu."

"Nimeliona, mama."

"Jingine."

"Nimeliona."

"Hilo hujaliona."

Kweli hakuliona. Zaidi ya hapo mama alisalimia kila mtu, amjuaye na asiyemjua, akipunga mkono kama mgeni rasmi, na kila aliyesalimiwa alitaka habari kamili za goti.

Safari iliyofuata fundi akakigeuza kiti. Kona ya kwanza mama akaanza.

"Shati lako limekosa kifungo."

"Ndiyo, mama."

"Na unapumulia mdomo."

Fundi akafunga mdomo, akapandisha kilima chote kwa pua, nusura azimie. Walipoanza kuteremka upande wa pili akabana breki, na waya ukakatika. Akabana tena, mkono wa breki ulikuwa umelegea kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Baiskeli ikashika kasi. Mama mkwe hakuiona barabara. Aliuona uso wa mkwewe tu, na uso ule ulikuwa umepauka.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mbona midomo inakucheza?"

"Naimba."

"Wimbo gani huo?"

Fundi akatazama mbele. Chini ya mteremko, mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa, palikuwa na lundo la mchanga. Akageuza usukani, akafumba macho. Magurudumu yalizama, baiskeli ikasimama ghafla, lakini fundi hakusimama. Aliruka juu ya usukani, na kichwa chake kikatua mapajani mwa mama mkwe, mahali ambapo mkwe mwenye adabu zake hafiki.

Wajenzi wakaacha koleo. Mama mkwe, mzima wa afya kwenye sponji yake, akampangusa mchanga nyweleni.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Basi inuka, watu wanatazama."

Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima huku ameshika goti, na fundi, aliyekuwa anatafuta ardhi immeze, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo mama alimwita "mwanangu", na mwana haombwi, huagizwa. Kiti kirudi kutazama mbele. Waya uwe mpya. Na ifungwe breki ya pili, pale kwenye mkono wa kiti, iwe yake mwenyewe. Fundi akatii. Breki ile ilishika kuliko zote, na mama aliitumia kila alipoona nyanya za kubishania bei au uso wa kuzungumza nao. Goti likapona. Kliniki wakamwambia anaweza kurudi kwake. Yeye akasema bado linamuuma kidogo, hasa siku za soko.

Siku ya kuondoka ilipofika, fundi alimpeleka kituo cha mabasi na mabegi yake. Kabla ya kupanda, mama alimuuliza dereva nyaya za breki zake zilikaguliwa lini. Dereva alicheka. Mama hakucheka. Dereva akashuka kwenda kutazama.

Fundi alirudi na sanduku tupu, magurudumu ya mbele yakirukaruka kwa wepesi. Akasimama kwa muuza mboga, akachagua fungu la mchicha.

"Yule mama yako yuko wapi?" muuza mboga aliuliza.

"Amesafiri."

Mwanamke akashusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Haya. Leo basi utanilipa bei yangu."

Fundi akalipa.